Mdomo wa Gari la Daktari wa Meno

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, ya matone makubwa. Ikakatika saa sita, ikarudi saa nane. Naandika kwa sababu ya gundi. Msimu uliopita nilibandika viti vya watu kwa kubahatisha, gundi ikagoma kukauka, mteja mmoja akainuka na kitambaa kimemng'ang'ania matakoni hadi mlangoni. Mwaka huu nataka kujua siku gani nimebandika na siku gani kimekauka. Kitabu chenyewe ni cha duka la rangi, walikuwa wanawagawia wateja, nikachukua.

Shule sikukanyaga. Herufi niliziokota kwenye vibandiko vya nyuzi na makopo ya gundi, na zilizobaki marehemu mume wangu alinimalizia huku akinicheka. Atakayesoma hapa akakuta nimekosea, ajifunze kunyamaza.

Miaka thelathini nilishona magauni. Sasa macho yamegombana na sindano ndogo, nashona viti vya magari, kona ya kushoto ya gereji, jirani na benchi la dirishani lisilo na fundi. Mjukuu wangu yuko gereji hiyo hiyo. Ana miaka ishirini na sita, na huu ni mwaka wa nne anapiga msasa na kuosha magari waliyotengeneza wengine.

Jumanne, tarehe 5

Mvua. Gundi ya jana bado inanata.

Alhamisi, tarehe 7

Leo limeingia gari la michezo, rangi ya ndimu, limelala chini kama paka anayevizia. Mwenyewe ni daktari wa meno, mtu wa miaka arobaini hivi. Nilimchukia kwa viatu vyake. Mtu anaingiaje gereji na viatu vyeupe?

Alikuja kumwona mwenye gereji, ambaye wote tunamwita Fundi Mkuu. Akaeleza kwamba kuna mashindano ya magari ya kupanda kilima, Jumapili ya tarehe 14 Aprili, mvua zikiisha. Mwaka jana, kwenye kona ndefu chini ya kilele, pua ya gari ilikuwa nyepesi. Anageuza usukani, gari linaenda linakotaka lenyewe. Likaparaza mawe ya ukingoni, na ng'ambo ya mawe hakuna kitu, ni korongo. Anataka kufungiwa splita.

Splita ni ubao mwembamba unaolala chini ya bampa la mbele na kujitokeza, kama mdomo wa chini wa mtu aliyenuna. Unakata upepo, na upepo wa juu unaukandamiza, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanashika barabara. Mimi nauita mdomo.

Fundi Mkuu akasema hana nafasi. Ndipo mjukuu wangu akaweka ndoo chini. "Nipe mimi."

Watu wakacheka. Fundi Mkuu hakucheka. Akasema, "Sawa. Peke yako, hakuna wa kukusaidia. Mkaguzi wa mashindano akiupitisha, kuanzia siku hiyo wewe ni fundi hapa na benchi la dirishani ni lako. Akiukataa, unarudi kwenye ndoo, na usiniombe tena kazi nyingine."

Nikamfuata ofisini kwake. "Mwanangu, wewe ulizaliwa na spana mkononi?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jibu swali."

"Viti vya basi dogo vimefika wapi?"

Ndivyo alivyo. Ukimbana, anakuuliza kazi yako. Namwona kama mtu anayetaka mtoto aanguke ili aseme, "Nilijua."

Ijumaa, tarehe 8

Mvua kutwa. Mjukuu hakula mchana. Nimemwambia njaa haifungi bolti.

Jumatatu, tarehe 11

Leo kachukua kipimo cha karatasi. Alilala chini ya gari na karatasi pana ya khaki, anataka kuchora pua yote, kushoto hadi kulia. Karatasi inakunjamana, anatokwa jasho. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mke mwenza, hebu toka huko chini. Gauni halikatwi hivyo. Kunja karatasi katikati, chora upande mmoja, kata, fungua. Pande zote mbili zitalingana kama mapacha."

"Bibi, Fundi kasema peke yangu."

"Nimekushika mkono? Nimesema tu. Magauni elfu na zaidi nimekata kwenye mkunjo, hata moja halijarudi."

Akacheka, akakunja. Tulipofungua karatasi, ilikuwa nzuri kama bawa la ndege. Nimerudi kwenye viti vyangu nikiimba.

Jumanne, tarehe 12

Mvua.

Jumatano, tarehe 13

Mvua. Kakata ubao, safi sana.

Ijumaa, tarehe 15

Ubao unapakwa gundi ngumu na nyuzi za faiba ili maji yasiingie na usipasuke. Gundi hiyo ikikutana na unyevu, inabaki kama kamasi. Jana aliipaka, leo asubuhi kamasi. Kakwangua yote, akakaa juu ya ndoo ameshika kichwa.

Kisha akainuka, akatazama lile basi dogo nililong'oa viti. Ndani tupu, milango inafunga barabara. Akalaza ubao humo, akapaka upya, akawasha injini na hita, akafunga. Ilipofika jioni ulikuwa mgumu kama sahani. Hilo sikumfundisha mimi. Nimejaribu na gundi yangu humo humo, imekauka kwa saa mbili.

Jumatano, tarehe 20

Leo ni siku mbaya, nitaandika yote.

Asubuhi alipandisha ubao mahali pake, nusu ya gereji imesimama kutazama. Kulia ukabusu bampa, hata wembe haupiti. Kushoto ukaacha pengo la upana wa kidole. Akausogeza. Kushoto ukakaa, kulia ukagoma. Akautoa, akaupima, akaurudisha. Pengo pale pale, linatucheka.

Fundi Mkuu alikuja, akachungulia, akaondoka bila neno. Mmoja kule nyuma akasema, "Ndoo inakusalimia, dada." Nikamrushia rili ya uzi. Nimemkosa, umri.

Mjukuu akaanza kujilaumu. Eti mkono wake mzito, eti alikata vibaya. Nikavaa miwani, nikachukua tepu yangu ya kushonea, nikapiga magoti penye maji. Nikapima kutoka katikati ya bampa kwenda kila upande. Nikapima tena. Pua ya gari lile imepinda. Upande wa kushoto umerudi nyuma kidole kizima. Kwa macho huoni, rangi imeficha kila kitu.

Tukampigia daktari. Akasema, "Mwenyewe wa kwanza aliligonga kwenye nguzo. Likanyooshwa. Kwani ni muhimu?"

Mtu anayechungulia meno ya watu kutwa, hajui kwamba la kwake limekaa upande.

Basi nikajua. Gari si gauni la dukani, ni mteja mwenye bega moja chini. Na mteja mwenye bega moja chini humkunjii karatasi. Unampima mwili mzima, kushoto kivyake, kulia kivyake. Nalijua hilo tangu ujana wangu. Mtoto alitaka kuchora pua yote, mimi ndiye niliyemtoa chini ya gari kwa kujiona najua. Mwiba wa kujichoma hauna pole.

Nikamwambia, "Kosa ni langu. Nakwenda kumwambia Fundi."

Akanishika gauni. "Bibi, nyamaza. Ukisema, atajua nilisaidiwa. Sharti litakuwa limevunjika."

"Nikinyamaza, atajua hujui kupima."

"Afadhali hilo."

Tumerudi nyumbani. Nimemkaangia mayai, kala moja. Nimeandika huku nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Alhamisi, tarehe 21

Sikulala vizuri, na mimi nisipolala siogopi mtu. Nikaingia ofisini kabla hajavua koti.

"Fundi, ile karatasi niliikunja mimi. Kwa mdomo wangu. Mtoto alitaka kupima vizuri, nikamzuia. Ukitaka kuadhibu, adhibu huku."

Akaning'iniza koti lake kwenye msumari, akakaa.

"Bibi," akasema, "lile gari limepita mikononi mwangu mara tatu. Sikujua kwamba pua imepinda. Hata mimi ningekunja."

Sikutegemea. Nilikuwa nimekuja na matusi matatu tayari, yakakosa pa kwenda.

"Mkono wako uligusa ubao?"

"Haukugusa."

"Basi sharti halijavunjika. Ila kuanzia sasa, kuhusu gari lile, neno lako hata moja nisilisikie. Ushauri wowote, hata wa kukohoa, kazi imekwisha. Ana siku ishirini na tatu, aanze upya."

Nikamwambia mjukuu. Akanikumbatia hadi miwani ikapinda. Kisha akasema, "Wewe, Bibi, kunyamaza? Bora angeniambia nijenge gari zima."

Ijumaa, tarehe 22

Mvua. Nimenyamaza.

Jumamosi, tarehe 23

Nimenyamaza hadi saa saba. Nikasema neno moja, lakini lilikuwa kuhusu ufagio.

Jumatatu, tarehe 25

Leo mjukuu kamwita daktari, akamwambia avae nguo za mashindano na kofia ngumu, akae kwenye gari, mikono kwenye usukani, tangi limejaa mafuta. Gari liko chini kwa magurudumu yake, halikupandishwa jeki. Ndipo akaanza kupima.

Moyoni nikapiga vigelegele. Mwanamke humpimi urefu wa gauni akiwa pekupeku kama siku hiyo atavaa viatu virefu. Kajua mwenyewe, na mimi sikukohoa.

Daktari kakaa humo saa mbili na nusu. Alipoanza kusimulia kichekesho, mjukuu akiwa chini akasema, "Daktari, usicheke, unatikisa gari."

"Naruhusiwa kumeza mate?"

"Polepole."

Akatii. Alipotoka miguu imekufa ganzi, kachechemea kuniletea kiti nilichokuwa nakihitaji, bila kuombwa, na vile viatu vyeupe vimejaa grisi. Hakuvitazama hata mara moja. Labda si mtu mbaya.

Jumanne, tarehe 26

Mvua kubwa, paa la gereji linavuja juu ya benchi la dirishani. Mjukuu kaweka ndoo pale. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Jumamosi, tarehe 30

Leo nimeteseka.

Karatasi mpya iko juu ya ubao mpya. Siku tatu kafunga kamba ndefu, kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, kushoto na kulia, na kutoka kwenye kamba hizo anachora. Nikapita kama ninayetafuta mkasi, nikaangalia. Ubao una upande mmoja mpana kuliko mwingine. Kushoto umezidi kidole kizima. Ukingo wa ndani, unaoshikana na bampa, kaufuatisha upindaji wa gari, vizuri. Lakini ukingo wa nje, unaokutana na upepo, haukufuata bampa kabisa.

Nikajua kaharibu. Mimi ningefuata mwili ndani na nje, pindo lilingane pande zote. Ulimi ukapanda hadi kwenye meno. Nikang'ata kipande cha kitambaa cha kiti, nikatoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa, mvua inanirukia miguuni. Nani namkuta hapo? Fundi Mkuu, amekunja mikono, anatazama madimbwi.

"Umeuona?" akaniuliza.

"Sijauona. Nimekatazwa kuona."

"Na mimi nimejikataza," akasema. Nikamtazama vizuri. Mtu huyu ana wasiwasi kunizidi. Kumbe wiki zote hizi anapopita bila neno, si dharau. Anajizuia, kama mimi. Nimemwonea bure.

Msumeno ukaanza kulia ndani. Tukasimama kama ndugu wanaosubiri habari za uzazi.

Jioni nikiwa naosha vyombo, mjukuu akaniambia mwenyewe, mimi sikuuliza. "Bibi, bampa limepinda, magurudumu hayajapinda. Gari haliendi linakoelekea bampa, linakwenda yanakoelekea magurudumu, na upepo unalipiga kutoka huko. Upande wa ndani niwe mwaminifu kwa bampa. Upande wa nje niwe mwaminifu kwa njia."

Mimi ningelifanya lipendeze. Yeye kalifanya liende. Kanipita, na sikusikia wivu wowote, nilisikia kama mtu amenitua mzigo kichwani.

Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Ubao umekaa. Wembe haupiti, kushoto wala kulia. Hakuufunga kwenye bampa peke yake, maana bampa ni plastiki. Kaunganisha vyuma vinne hadi kwenye fremu ya gari, na mbele vijiti viwili vya chuma vya kuushikilia usilegee. Kifungo kizito hukishoni kwenye hariri tupu, unaweka kitambaa kigumu nyuma yake. Sikusema. Nimeandika tu, na kuandika hakujakatazwa.

Jumanne, tarehe 9

Jua. Kapiga msasa wa mwisho, kapaka rangi nyeusi. Nimebandika viti sita, vyote vimekauka.

Jumamosi, tarehe 13

Ukaguzi. Uwanja wa chini ya kilima, magari thelathini yamepangwa, watu wamejaa. Nimevaa gauni nililojishonea mwenyewe na viatu vya kufungwa. Fundi Mkuu kafunga gereji, kaja. Hajawahi kufunga gereji Jumamosi, hata siku ya harusi yake alifungua nusu siku.

Mkaguzi ni mtu mnene, ana kalamu sikioni. Akainama mbele ya gari letu, akainuka, akasema, "Huu umepinda. Kushoto mpana."

Fundi Mkuu akanitazama, nikamtazama, tukafunga midomo yetu wote wawili.

Mjukuu akasogea mbele. "Haujapinda, mzee. Pima kutoka kwenye magurudumu, usipime kutoka kwenye bampa."

"Miaka kumi na tisa nakagua."

"Ndiyo maana nakuomba upime, si uniamini."

Mkaguzi akatoa tepu. Akapima kulia, akaandika. Akapima kushoto, akaandika. Akarudi kulia. Akatazama karatasi yake, akatazama bampa, akapiga goti akafumba jicho moja. "Pua hii iligongwa," akasema polepole, kama anajisomea. "Na huu ubao umenyooka kuliko gari lenyewe."

Akapitisha kiganja ukingoni kutafuta pa kukata mtu. Laini. Kisha akaweka mguu mmoja juu ya ubao, akauongezea uzito. Akapanda na wa pili. Mtu mzima, kilo mia hazipungui, kasimama juu ya mdomo wa gari na mikono kiunoni. Akajitikisa. Gari lote likainama kidogo, ubao haukuachana na bampa hata unywele.

Akashuka, akageuza fomu. "Fundi aliyefunga?"

Fundi Mkuu akachomoa kalamu mfukoni mwake, akampa mjukuu wangu. "Andika jina lako."

Kaandika. Herufi zake nzuri, mimi ndiye niliyemwanzishia zile za mwanzo kabla hajaenda shule. Muhuri ukapigwa, pa. Nikamkumbatia mkaguzi, alikuwa karibu.

Jumapili, tarehe 14

Tulisimama kwenye kona ndefu yenyewe, juu ya mawe, upande wa ndani. Magari yalikuja moja moja. Mengi yanafika pale yanapunguza hadi unaona aibu. Moja lilikwenda kombo, likazunguka, likatazama lilikotoka.

La daktari tulilisikia kabla hatujaliona. Lilipoingia kwenye kona mjukuu alinishika mkono, kucha zimeniingia. Halikupunguza tulipotegemea lipunguze. Pua ikashuka, ikashika barabara kama kupe, ikafuata mstari kona nzima, mawe ya ukingoni hayakupata hata vumbi. Likapita, likapanda, tukabaki na harufu ya mpira.

Mjukuu hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Limesikia." Fundi Mkuu ndiye aliyeruka. Mtu na mvi zake aliruka, akanikanyaga.

Daktari kawa wa pili kati ya thelathini, na kapunguza sekunde kumi na moja kwenye muda wake wa mwaka jana. Aliposhuka alikuja moja kwa moja kwa mjukuu, akavua glovu kwanza, ndipo akampa mkono. "Mwaka jana nilipita pale nikiwaza watoto wangu," akasema. "Leo niliwaza barabara tu." Akaniinamia na mimi, "Bibi, meno yako nitayatazama mwenyewe, wakati wowote." Nikamwambia yamebaki manane, asichelewe.

Jumatatu, tarehe 15

Nimefika gereji nikakuta benchi la dirishani limefutwa, paa juu yake limezibwa. Fundi Mkuu alikuwa anakunja ngazi. Nilimwekea chai.

Saa tatu ikaingia pikapu, bampa linaburuta chini. Mwenyewe akashuka akiita, "Fundi yuko wapi? Nina haraka."

Fundi Mkuu hakuinua kichwa kwenye chai yake. Akaonyesha kwa kidevu. Yule mtu akatazama kule, akaona msichana aliyevaa ovaroli, akarudi kumtazama Fundi Mkuu. Kidevu kikaonyesha pale pale.

Basi akaenda dirishani. Mjukuu akachuchumaa, akashika bampa, akalitikisa huku na huku, akasonya kidogo kama wanavyosonya wote. Akainuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akatazama juu kama anayehesabu kazi alizo nazo, na kazi hakuwa na hata moja.

"Leo haiwezekani," akamwambia. "Njoo kesho."

Fundi Mkuu akapaliwa na chai. Mimi nimecheka hadi nimeshika mashine nisianguke. Ni fundi, na ni fundi kamili.